Nanga Kwenye Mlango wa Kanisa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za vuli, mwanangu, nilipomkuta mama yangu nyuma ya kibanda chetu akiyamwagia maji machipukizi ya migomba ambayo hayajapandwa. Alikuwa ameyalaza kwenye kivuli na kuyafunika kwa majani mabichi. Aliponiona alishtuka, kisha akacheka na kuweka kidole mdomoni. "Baba yako asijue," akaninong'oneza.

Nitakueleza kwa nini mke wa ndoa alimficha mumewe migomba, lakini univumilie, maana sisi wazee hatufiki upesi. Nimekumbuka haya yote kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia kwamba tangu upangiwe kufundisha hapo Nyakahura hujafungua sanduku lako, unalala kwenye mkeka, na jirani akikualika kwenye ngoma ya harusi unasema una udhuru. Ukasema Mungu amekuahidi uhamisho, umeombewa, una andiko lako, kwa hiyo ukinunua kitanda utakuwa umekosa imani. Nilikaa kimya kwenye simu ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, mjukuu wangu. Nilikuwa namsikia baba yangu mzazi akisema kwa mdomo wako.

Tulivuka kutoka Burundi katika miaka ya sabini, nikiwa msichana wa kuchumbiwa. Tulipita upande wa Kabanga kwa miguu, baba akiwa na mzigo mmoja wa turubai mgongoni: Biblia yake, tezo, patasi na randa, kwa sababu alikuwa fundi wa milango. Tulipokelewa hapa Kasulo. Kihangaza, lugha ya hapa, na Kirundi vinakaribiana, tukasikilizana na watu tangu siku ya kwanza, na hilo peke yake lilikuwa faraja kubwa. Katekista wa hapa, Mzee Laurenti, alitukatia kipande cha shamba lake pembeni ya njia, na mwenyekiti wa kijiji akakubali.

Sasa, desturi ya hapa wewe unaijua, lakini vijana wenzako wanaisahau. Mgeni akipewa kiwanja, majirani humletea machipukizi ya migomba, kila mmoja akichimbua kwenye shamba lake mwenyewe. Anayeyapanda amejibu kwamba yupo. Anayeyaacha yakauke amewakataa majirani zake mchana kweupe, hata kama hajafungua mdomo. Nasi tuliletewa. Wanawake walikuja wameyabeba kichwani, wakayashusha, wakatupa pole ya safari, wakasifia watoto. Baba aliwashukuru kwa adabu zote. Walipoondoka aliyasogeza kwa mguu hadi kwenye jua.

"Maharage yatatosha," alimwambia mama. "Maharage unavuna unaondoka. Mgomba ni wa mtu anayekaa, na mimi sikai."

Usidhani baba alikuwa mtu mkorofi. Hapana. Alikuwa mpole, mcheshi kwa watoto, na aliomba kwa machozi. Ila alikuwa ameshika ahadi. Alikuwa amekariri yale maneno ya nabii Yeremia kwa watu waliohamishwa Babeli, kwamba Mungu anawawazia mema na atawarudisha kwao. Aliyasema asubuhi, aliyasema kabla ya kula. Basi akaona kwamba kupanda mgomba Kasulo ni kumwambia Mungu, "Najua hutanirudisha." Kwa hiyo hatukujenga nyumba, tulikaa kwenye kibanda cha majani kilichovuja. Mafiga ya mama yalikuwa mawe ya kuokota tu, hayakuchimbiwa. Na ule mzigo wa turubai ulining'inia karibu na mlango ukiwa umefungwa kamba ile ile tuliyokuja nayo.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu wa mwisho. Hakubishana na mumewe, si kwa malezi aliyolelewa. Aliyaondoa tu machipukizi juani baba alipokwenda kukata kuni, akayalaza pale nyuma, akawa anayanywesha. Nilimuuliza kama hamwamini Mungu wa baba. Akaniambia, "Namwamini sana. Lakini na mvua naisikia inavyoingia."

Kisha mwenyekiti akapita. Alisema kwa upole, na upole wake ulitutisha kuliko kelele. Watu walikuwa bado wanavuka, alisema, na wengine hawana pa kuweka mtoto. Kiwanja kisichokuwa na mgomba mvua zikiisha, atalazimika kukiona kuwa hakina mtu. Mama aliingia ndani ya kibanda. Nilimfuata nikamkuta ameshika tumbo kwa mikono miwili, anaangalia pale paa linapovuja, wala halii.

Mzee Laurenti alisikia, akaja. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa na kisanduku cha ugoro, na hakuwa na subira hata kidogo. Hakuzunguka, alikuja moja kwa moja kwenye jambo.

"Petero, hiyo ahadi yako umeisomea wapi?"

Baba akamtajia.

"Vizuri. Na hapo juu yake, kabla hajawaahidi kuwarudisha, Mungu anawaambia wafanye nini? Si anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale, waoze watoto wao? Umelichukua tunda ukaacha mti."

"Hao walikuwa Babeli, Katekista," baba akajibu. "Hapa ni Kasulo."

Mzee Laurenti akanusa ugoro, akapiga chafya, akaenda zake. Mimi nilitaka kucheka nikaogopa. Lakini usidhani baba alishinda. Kwa siku kadhaa hakuyasema yale maneno kabla ya kula.

Katekista aliporudi hakugusa habari ya ahadi. Alisema mlango wa kanisa umeliwa na mchwa, mbao mpya zipo, fundi hakuna. Baba akatazama ule mzigo karibu na mlango. Kwa fundi kuambiwa mlango wa kanisa haupo ni sawa na mama kusikia mtoto analia. Akaufungua. Kamba ilikuwa imekaza, akaikata kwa kisu, na mama aliyekuwa anachambua maharage akainama zaidi juu ya ungo ili uso wake usionekane.

Mzee Laurenti alitaka mlango uchongwe alama za Wakristo wa kwanza. Alizichora kwa mkaa juu ya ubao: samaki, njiwa mwenye tawi mdomoni, na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitambua. Alituambia kwamba wale watu waliwindwa, wakawa wanazika wafu wao chini ya ardhi, na kwenye kuta za makaburi yale wakachora hizi alama. Samaki kwa ajili ya jina la Yesu, lililofichwa katika herufi za neno samaki kwa Kigiriki, njiwa kwa ajili ya amani ya Nuhu baada ya gharika. Mama, ambaye kama Warundi wengi wa milimani hakuvumilia harufu ya samaki, aliuliza kama hapawezi kuwekwa ng'ombe. Katekista akamwambia samaki wa kanisani hana harufu.

Nilikuwa nampelekea baba viazi na maji, kwa hiyo niliuona ule mlango ukizaliwa. Samaki akatoka mzuri, njiwa akatoka mzuri zaidi. Kile cha tatu baba alikichonga kwa uangalifu mkubwa, akafuata kila mstari wa mkaa, na kilipokamilika wanawake waliokuja kufagia kanisa wakasimama wakilaza vichwa upande.

"Hili jembe la pande mbili," mmoja akauliza, "linalima kwenda au kurudi?"

Wakacheka hadi fagio zikawaponyoka. Baba naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuvuke, na nilifurahi mpaka nikasahau kuteka maji. Mzee Laurenti akatoka ndani akiwa amekasirika kidogo.

"Si jembe! Ni nanga! Hamjawahi kuona meli?"

Wangeiona wapi, mwanangu, kwenye vilima hivi? Lakini yeye alikuwa ameona. Ujanani alikuwa kuli kwenye meli za mizigo za ziwani, kati ya Bukoba na Mwanza. Akaketi juu ya mbao, akaeleza kile chuma kilivyo kizito, minyororo yake, mikono yake inavyong'ata chini ya maji. Akamwonyesha baba kwamba lile gongo la juu linalokatiza ndilo msalaba, na kwamba wale watu wa makaburini waliuficha humo, mwenye macho aone na adui apite. Nanga, akasema, ndilo tumaini letu, hivyo ndivyo Maandiko yanavyoliita.

Baba alikuwa anapitisha kidole kwenye kuchonga kwake. "Kwa hiyo meli hutupa nanga ikishafika," akasema.

"Ikishafika hufungwa kamba gatini, watu wakashuka. Nanga hutupwa pale ambapo meli haijafika. Tulikuwa tunakaa nje ya Bukoba tunangoja zamu yetu, taa za mji tunaziona, upepo wa ziwa unaanza. Nahodha anaamuru nanga. Bila hivyo tungesukumwa mpaka kwenye miamba, huku tukiitazama Bukoba."

"Na siku ya kuondoka?"

"Tunaivuta juu, tunaondoka nayo. Sijaona nanga iliyomkatalia nahodha safari."

Nakwambia kweli, Mzee Laurenti hakuwa anamtegea. Alikuwa anakumbuka ujana wake tu, macho yake yalikuwa huko ziwani. Lakini baba aliifuta patasi kwa upindo wa shati, akaifuta tena ikiwa safi. Akaacha viazi vyangu bila kuvigusa, akaelekea nyumbani chini ya manyunyu, nami nyuma yake nikiwaza kwamba amekasirika.

Mama alikuwa mlangoni. Baba alisimama mbele yake akiwa ameloa.

"Mama Vero," akasema, akimwita kwa jina langu, "yale machipukizi yalikauka yote?"

 Mama alikwenda nyuma ya kibanda, akayafunua. Yalikuwa mabichi, mengine yalikuwa yameanza kutoa mizizi midogo myeupe. Baba akayatazama, akamtazama mkewe, akaelewa. Nilingoja ukali. Badala yake aliinama akaomba msamaha, mbele yangu mimi mtoto, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanamume wa kwetu. Mama ndipo akalia, kilio cha kuchoka na kufurahi kwa pamoja. Nami nikalia, sijui hata kwa nini.

Tulichimba mashimo jioni ile huku mvua ikitupiga. Baba alipanda na kuomba, na kila shimo alilisemea yale maneno ya nabii, safari hii tangu mwanzo: jengeni, pandeni, nami nitawarudisha. Kesho yake mama aliyachimbia mafiga yake. Mwenyekiti alipopita tena alihesabu kwa macho, akasema "Hongereni," akapita. Mdogo wangu alizaliwa ndani ya nyumba yenye udongo ukutani, na tulimwita Amahoro, yaani amani kwa Kirundi.

Utaniuliza, je, ahadi ilitimia? Subiri. Miaka mingi baadaye, watu walipovuka tena kwa wingi, shamba letu lilikuwa msitu wa migomba. Baba, akiwa na mvi, alikuwa anakaa njiani akiwagawia ndizi mbivu watoto wanaopita, na kila aliyepata kiwanja, baba alimpelekea chipukizi. Aliwaambia, "Panda. Ukiitwa nyumbani, utaondoka. Hakuna atakayekufunga." Baadaye njia ilipotulia, alikwenda kwao kwa basi, akaliona kaburi la baba yake, akala na ndugu zake waliobaki. Nilidhani hatarudi. Akarudi, na kwapani amebana chipukizi lililofungwa kwenye gunia, la mgomba wa kwao. Alilipanda pale karibu na jiko. Ndizi uliyokula ukiwa mtoto, ile ndogo tamu uliyokuwa unaiiba kabla haijaiva, ni ya mgomba huo. Kwa hiyo ahadi ilitimia, mwanangu, ila ilimkuta mtu aliyekuwa ameshaanza kuishi.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kushika andiko lako, lishike kwa mikono miwili. Lakini lisome tangu juu. Mungu hakukuomba ulale kwenye mkeka ili umwonyeshe kwamba unamwamini, wala hakukuahidi kesho ili umdharau jirani wa leo. Hao watoto wa Nyakahura wanaokusalimia shikamoo kila asubuhi wanajua kama mwalimu wao yupo au anapita tu. Usikae mguu ndani mguu nje. Fungua sanduku. Nunua kitanda. Kwenye harusi ya jirani nenda, ucheze, ule. Ukipewa mche, upande siku hiyo hiyo.

Ule mlango bado upo. Mchwa wameula chini kidogo, lakini nanga haijaguswa, na watoto wa mafundisho bado wanauliza hilo jembe ni la nani.

Mungu aliyetuona tukivuka akuone na wewe hapo ulipo. Akupe mvua ya kiasi, jirani mwenye mkono wazi, na darasa linalokungoja kwa furaha. Na siku atakapokuita uende kwingine, akukute una nanga ya kuvuta.