Mguu wa Anti Nasirumbi

"Anti, ulijuaje sindano haitakugandisha damu?"

Nilimwuliza hivyo mwaka wa 2021, wiki aliyodungwa chanjo ya corona, nikiwa gredi ya tano. Alikuwa kwenye bomba la ploti yetu hapa Mweiga, akiosha chupa za kazi. Akasema, "Ngoja nimalize." Alimaliza, akaingia ndani.

Anti Nasirumbi ametoka Bungoma. Kazi yake ni kupima maziwa ya wakulima: huchanganya kidogo na spiriti, yakiganda anayakataa. Hajawahi kukosana na ng'ombe, ni na wenye ng'ombe tu.

Miaka tisa kabla ya sindano, alipojifungua mtoto wa pili, damu iliganda kwenye mguu wake wa kushoto. Akalazwa wiki mbili. Kwa hivyo redio iliposema chanjo ya corona imegandisha watu damu, aliizima.

Mzee Hezekiah, ambaye maziwa yake yalikuwa yamekataliwa mara mbili, alifurahi kidogo.

"Mama, wewe unakataa mtungi yangu mzima juu ya tone moja. Sasa ukidungwa ugande, nani atakukataa?"

"Nitakuja kwako, Mzee. Wewe umezoea kubeba vitu vimeganda."

Lakini alienda zahanati kumwuliza Sista Murugi: wangapi, kati ya wangapi? Ndivyo huwauliza wakulima wakimwambia ng'ombe ni mgonjwa. Sista akasoma kwa simu utafiti wa Uingereza. Kati ya watu milioni kumi, sindano iliongeza watu chini ya sabini walioganda damu miguuni au mapafuni. Ugonjwa wenyewe uliongeza zaidi ya elfu kumi na mbili kati ya milioni kumi walioupata.

"Na mimi niko na huu mguu," Anti akasema.

"Mguu haukukatazi. Ukifura ndani ya mwezi moja, kuja mbio."

Akadungwa. Kila asubuhi alipima shavu la mguu kwa mkanda wa ng'ombe, ule unaozungushwa kifuani mwa ng'ombe ukasoma kilo. Mguu haukufika hata namba ya kwanza. Kwa mkanda huo ulikuwa ndama ambaye hajazaliwa.

Mwaka uliofuata corona ikamshika, akakohoa wiki nzima. Mkanda ukatoka tena.

Mwezi uliopita nilirudi likizo, sasa niko gredi ya kumi. Nikamkuta kwenye bomba lile lile, nikarudia swali.

"Sikujua," akasema. "Ya sindano nilipima mguu mwezi mmoja. Ya corona, Sista aliniambia nipime miezi sita."