Kitambaa Chekundu cha Banda la Nne

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkaguzi wa viuatilifu, na wilaya nzima ilimwita Pua. Akiingia duka la pembejeo alifumba macho, akavuta pumzi, akanyoosha kidole: "Kopo la tatu, rafu ya chini. Hiyo imepigwa marufuku, ishushe." Wenye maduka walimchukia kama nini. Sisi tulimtania kwamba pua yake ilistahili mshahara wake peke yake, naye akavimba kichwa. Kipimo cha hewa alichopewa na ofisi kilikaa kabatini, hata kwenye nailoni yake hakijatolewa.

Mimi na mama tulikata waridi kwenye mabanda ya plastiki. Sheria ilikuwa moja: banda likipuliziwa dawa, linafungwa kitambaa chekundu mlangoni, na hakuna wa kukifungua ila mkaguzi. Harufu kidogo haikosekani, lakini Pua akisema pako safi, wewe ni nani? Mama alikuwa anakohoa tangu kiangazi kianze. Tukasema ni vumbi.

Asubuhi hiyo tulipanga foleni mbele ya banda la nne, mama wa kwanza. Kuna kitu kilinikera, nisikijue. Halafu nikakijua: kimya. Siku zote nzi huvuma kwenye ile plastiki mpaka unachoka nao. Leo hakuna hata mmoja. Mjomba aliingia, akakaa humo kitambo, akatoka na kitambaa mkononi.

"Pako safi. Ingia, dada."

Nyuma yake mjusi alianguka kutoka kwenye vyuma vya paa. Pu. Kisha mwingine. Hawakutikisika. Harufu ikanifikia pale nje, ikanikaba koo. Macho ya mjomba yalikuwa yanabubujika, machozi yamefika kidevuni, naye anatabasamu tu.

Nilimvuta mama mkono. "Mjomba, husikii?"

"Nisikie nini?"

"Harufu!"

"Acha utani wako."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote walikuwa wamejiziba pua kwa mitandio. Akatutazama mmoja mmoja, akajigusa shavu, akaona vidole vimelowa. Akaurudia mlango, akavuta pumzi ndefu. Nilitaka kumpigia kelele aache. Akavuta tena. Uso ukamshuka.

Alikirudisha kitambaa mwenyewe, nikamsaidia kukaza fundo. Kisha akakaa juu ya kreti na kunipa daftari lake la ukaguzi.

"Nisomee mabanda yote niliyofungua tangu kiangazi kianze."

Nikasoma. La pili. La tano. La nne. La pili tena. La nne. La nne. Kila nilipolitaja la nne alimtazama dada yake, na mama, ambaye hajawahi kumficha kitu, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, anazuia kikohozi.