Mzee wa Kwenye Santuri

Sikupanga kumwambia mtu, lakini nikinyamaza nitabaki na aibu hii peke yangu.

Kwenye sanduku la marehemu babu nilikuta santuri ndogo ya muziki wa roki wa zamani, ya bendi ya hapa hapa Tabora. Niliiweka kwenye gramafoni yake nikaganda. Magitaa yalijivuta kama moshi, na mwanamume wa sauti nzito aliimba kama yuko chini ya kisima. Sijawahi kusikia kitu kama kile.

Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu, nikaandika kwenye kundi la wapenzi wa santuri kwenye simu: "Huyu mzee anaimba kama ameshaliona kaburi lake." Wakanisifu. Fundi redio mmoja wa mtaa wa Isevya akaniita Jumamosi niilete santuri hiyo, niwaelezee wenzake.

Nikaenda na gramafoni ya babu, nikaipiga santuri mbele yao. Uzee wa ile sauti peke yake niliuelezea dakika kumi nzima. Fundi akainama, akachungulia, akasogeza kitufe cha mwendo.

"Mwanangu, ulikuwa unaipiga taratibu mno."

Sauti ikapanda, ikawa ya msichana, kali na tamu, na magitaa yakawaka moto. Nilisisimka mwili mzima. Ilikuwa nzuri kuliko mwanzo.

Mke wa fundi, aliyekuwa akitumiminia kahawa, alikuwa akiimba nayo neno kwa neno.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Huyo mzee wako ni mimi, nilipokuwa na umri wako."