Pumzi Yangu na Maksai wa Baba

Nikisikia harufu ya spiriti, hata leo kifua kinanibana. Nilikuwa na pumu, na ikinishika mama alinibeba mgongoni hadi kasualti ya hospitali. Siku moja karani hakuangalia kifua changu. "Lipa kwanza, mama." Tulingoja kwenye benchi mpaka baba aliporudi kutoka sokoni Zombe, ameuza maksai mmoja wa ile jozi ya kulima. Ndipo nikapewa hewa.

Mvua iliponyesha, maksai aliyebaki alikataa kuvuta plau peke yake. Mama akaingia kwenye nira upande wa pili. Baba mdogo, mwenye maksai wanne, alisimama kwenye ua akicheka.

"Shemeji, kumbe huyu mtoto amekula ng'ombe mzima!"

Yeye na yule karani sijawasamehe. Mama alivuta mpaka jioni, mimi nimekaa kivulini, napumua vizuri.