Mafuta ya Shemeji

Kigari cha daktari wa mifugo, pikipiki ya magurudumu manne, hakikuwa kimewahi kumwangusha. Kilipanda naye vilima visivyo na barabara, sanduku la chanjo likirukaruka nyuma. Jumatatu hiyo injini ilinguruma kwa nguvu zote lakini kigari hakikupanda, na kule juu wafugaji walikuwa wameshakusanya ng'ombe wanamsubiri. Akakirudisha hadi gereji, roho mkononi.

"Fundi, niambie ukweli. Injini ndiyo imekufa?"

"Injini nzima kabisa, mama. Nani kabadilisha mafuta?"

"Shemeji, jana. Kanitilia yale ya bei mbaya anayotia kwenye gari lake."

Fundi akacheka mpaka akaegemea tairi. "Mwambie shemeji hiki si cha kwendea harusini! Klachi yake inaoga ndani ya mafuta hayohayo ya injini. Yale ya gari dogo yana dawa ya utelezi, sasa klachi itashika nini? Hiki kinataka mafuta ya pikipiki. Kitabu chake hukukisoma?"

"Kipo chini ya kiti. Nimekikalia miaka mitatu."

Wakayamwaga yote, wakatia yaliyoandikwa kitabuni. Kwenye mwinuko nyuma ya gereji kigari kikasita, kikashika, kikapanda. Daktari akampigia simu shemeji yake.

"Zawadi yako nimeipata, shem. Safari nyingine niletee soda."

Kisha akafunga vizuri sanduku la chanjo, akashika njia ya mlimani.