Rivolva ya Mdogo Wangu

Rafiki yangu, ipo harufu ambayo sikutarajia kukutana nayo tena upande huu wa dunia. Nilikutana nayo Shively, kando ya Louisville katika Kentucky, mezani kwa mdogo wangu wa kiume, alipofunua kitambaa cha pamba na kunionyesha rivolva kubwa nyeusi iliyopakwa mafuta. Mke wake alikuwa akichambua maharagwe upande wa pili wa meza ileile, wala hakuinua macho, kama mtu aliyekwisha kuzoea kugawana meza na silaha. Nilinusa chuma na mafuta, na papo hapo nikawa msichana mdogo katika milima ya Kivu ya Kusini, miguu imelowa umande, moyo umejaa wivu.

Nasema wivu, na neno hilo silipambi. Mjukuu wangu wa kike ndiye anayeyaandika haya, jikoni kwangu Cheektowaga, kando ya Buffalo, kwa kuwa mimi sikuketi darasani hata siku moja. Nimemwagiza aandike ninavyosema, asinilainishe.

Mdogo wangu amestaafu kazi ya ghala, na tangu hapo anakusanya rivolva za kale za aina moja tu: zile zilizotengenezwa kutumia risasi za bastola za magazini, zisizo na silinda. Wewe huenda huoni ajabu yake, basi nikueleze kama alivyonieleza. Risasi ya rivolva ina pindo kitakoni, na pindo hilo ndilo linaloizuia isizame katika tundu lake, na ndilo linaloshikwa ganda linapotolewa. Risasi ya bastola haina pindo la namna hiyo. Katika vita vya zamani jeshi la nchi hii lilipungukiwa na bastola ilhali risasi zake zilikuwapo kwa wingi. Ndipo viwanda vikatengeneza rivolva za kuzipokea, na risasi zikabanwa tatu tatu katika kibati chembamba cha chuma kilichokatwa kama nusu ya mwezi. Bila kibati hicho maganda matupu hubaki ndani, na mtu huyachokoa moja moja kama anayetoa funza mguuni.

Baba yetu alikuwa na rivolva ya namna hiyohiyo. Mzungu ambaye baba alimchungia ng'ombe alimwachia alipoondoka kwa haraka, pamoja na risasi chache, na bila kibati hata kimoja. Baba aliyachokoa maganda kwa mwiba wa nungunungu. Rivolva ilitoka ndani ya nyumba fisi walipowazidi mbwa tu, nayo ikipiga mara moja mlima mzima ulinyamaza, kisha ndama wakaanza kulia.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na mikono yangu ilikuwa mali ya maziwa. Asubuhi ukungu ulikuwa ukilala bado juu ya zizi nilipoosha vibuyu, nikavifukiza kwa moshi wa majani makavu mpaka ndani yake kukanukia utamu, kisha nikaketi na kibuyu kikubwa magotini, nikakisukasuka hadi siagi ijitenge. Ukisikia mlio wa maziwa ndani ya kibuyu, unajua bila kufungua iwapo siagi imekuja. Tulikula viazi vya moto na maziwa ya mgando, na bibi yetu mzaa baba alikuwa akisema kwamba nyumba yenye maziwa haina mgeni mbaya.

Mama alikuwa na sheria, na sheria ya mama haikuwa na rufaa: mkono unaonuka baruti haugusi kibuyu cha maziwa, la sivyo ng'ombe atakauka. Kwa hiyo baba, akishafyatua, alinyweshwa maziwa na mama kama mtoto, mpaka jua lizame na kuchomoza tena. Na kwa hiyo mimi, ambaye bila mikono yangu nyumba ingelala na njaa, sikuruhusiwa kuishika ile rivolva hata ikiwa tupu. Nilimwomba baba mara moja. Alinitazama kwa upole, akasema, "Na maziwa atayashika nani?"

Halafu ikaja siku ya mdogo wangu. Alikuwa bado ana meno ya utoto, hajui hata kumfunga ndama. Baba alichukua kibuyu kilichopasuka, kibuyu nilichokuwa nimekifukiza mwenyewe misimu mingi, akakiweka juu ya kisiki. Mimi nilijificha nyuma ya zizi, jicho langu penye upenyo kati ya miti. Nilimwona baba akipiga goti nyuma ya mtoto yule, akizungusha mikono yake juu ya mikono midogo, akiinama mpaka midomo yake iguse sikio la mtoto. Akasema neno. Lilikuwa fupi, nami sikulisikia. Kisha mlio ukapasua bonde, na kibuyu changu kikawa vipande.

Baba hakuwahi kuniinamia hivyo. Alinipenda, silikatai hilo, lakini alinipenda akiwa amesimama. Tangu siku ile nilitaka kujua alisema nini. Nilichunga, niliolewa, nilikimbia vita, nililala katika kambi, nilipanda ndege nikiwa nimefunga rosari mkononi, na swali lile sikuliacha popote. Sikumwuliza mdogo wangu, kwa sababu kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba ana kitu nisicho nacho.

Lakini mwaka huu niliona kwamba mimi na yeye tumezeeka, na mmoja wetu akitangulia, neno lile litazikwa. Nikamwambia mjukuu awashe gari twende Shively. Njiani tulilala Columbus kwa binti wa marehemu mdogo wetu wa kike. Asubuhi alitupa chai na maandazi, akanishangaa.

"Mama mkubwa, ni kweli unakwenda Kentucky kupiga bunduki? Utampiga nani?"

"Karatasi," nikamjibu.

"Na karatasi imekukosea nini?"

Mjukuu alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa nimemwambia yeyote kilichonipeleka.

Basi baada ya kunionyesha hazina yake pale mezani, mdogo wangu alitupeleka katika ukumbi wa kulenga shabaha. Huku Buffalo bastola huombewa kibali na kungojewa. Yeye kwake anazipanga kabatini kama vikombe vya harusi. Nilimwonea wivu kwa hilo pia. Alinivika vizibo vya masikio, akabana risasi katika vibati vyake, akaviingiza viwili ndani ya silinda kwa mwendo mmoja.

"Bon, yaya, kamata na mikono mbili. Donc, unaogopa?" alisema kwa Kiswahili chetu cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa; huko yaya ni dada mkubwa.

"Ondoa mkono wako begani mwangu."

"Ni juu ya rivolva, isikurushe!"

"Ondoa."

Hakuinama sikioni mwangu, na nisingemruhusu. Nilivuta. Rivolva iliruka mikononi kama ndama anayefungwa kwa mara ya kwanza. Nilivuta tena mpaka ikaisha. Karatasi yangu ilibaki safi kama shuka la kanisani.

"Yaya," alisema mdogo wangu, akifuta machozi ya kicheko, "umeua karatasi ya jirani!"

Kijana wa kizungu aliyekuwa upande wa kushoto aliinua kidole gumba kunipongeza. Mdogo wangu alifungua silinda, akasukuma, na maganda yote yakatoka pamoja, yakiwa yamebanwa katika vibati vyao. Hakukuwa na mwiba, wala mtu kuinama na kuchokoa. Hapo nilikuwa na wivu kwa niaba ya baba. Kisha yeye mwenyewe akapiga, na kila risasi ikaenda alikoituma, na mkono wake ulitulia kama mkono wa mtu aliyefundishwa.

Tuliporudi nyumbani kwake, mke wake alikuwa amechemsha chai. Nilitoa galoni ya maziwa katika friji na kuanza kumimina, ndipo mdogo wangu akapiga kelele kama mama alivyokuwa akipiga.

"Yaya! Mkono wa baruti! Ngombe atakauka!"

"Ng'ombe gani?" nikamwuliza.

Kicheko kilikatika. Ng'ombe walichukuliwa mwaka ule tuliokimbia, na rivolva ya baba ilichukuliwa pamoja nao, na baba alifia njiani kabla hatujafika ziwani. Mke wa mdogo wangu alituangalia, mmoja kisha mwingine, akaenda kutafuta sukari iliyokuwa mezani tayari.

Nikasema, "Siku ile baba alipoinama sikioni mwako, alikuambia nini?"

"Siku gani, yaya?"

"Usiniambie siku gani."

Alikuwa anaijua siku, nilimwona akiijua. Alizungusha kijiko katika kikombe muda mrefu.

"Aliniambia hivi: 'Usitetemeke. Dada yako anatazama.'"

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Nikasikia haya, nikapiga."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Haukuniuliza, yaya. Ulikuwa unanikasirikia tu."

Chai yangu ilipoa. Tulikaa mpaka mke wake akawasha taa, tukazungumza habari za wajukuu, na asubuhi tukashika njia ya kurudi. Baada ya Columbus mjukuu aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliokulia huku, kama nina huzuni. Nilimwambia huzuni naijua, nimeishi nayo, na hii siyo. Nilidhani nimekwenda kumaliza wivu wa utotoni, na nilirudi nikiwa na wivu mpya, kwa sababu neno lile lilikuwa linanihusu mimi, na aliyelitunza ni yeye.

Siku hizi nikiamka, theluji imefunika gari na hakuna ndama anayelia. Kile kisiki sijui kama kipo. Moshi wa vibuyu hauuzwi katika duka lolote la Buffalo, na watoto wa hapa hunywa maziwa bila kujua kwamba yaliwahi kuogopa kitu. Mama hayupo wa kunikataza. Sasa mikono yangu inaweza kushika chochote itakacho, na hakuna aliyeigawia kazi.

Lakini kuna jambo moja linalonirudia ninapoketi hivi na mjukuu huyu, naye hajui aandike au aache. Miaka yote nilijiona mjanja, mtoto aliyejificha akaona lisilokuwa lake, nikaamini kwamba baba hakuniona. Kumbe alijua kwamba nipo nyuma ya zizi. Alijua, akamwambia mwanawe, na hakuniita.