Abee Katika Nyumba ya Milango Mingi

Nyumbani kwangu Mtopanga mtoto wa kike akiitwa anaitika abee. Si "eeh", si "nini", si kunyamaza kama gogo. Aitike mara ya kwanza, kwa sauti, hata kama yuko chooni. Wanangu wote niliwalea hivyo, wa kiume labeka, wa kike abee, na aliyejisahau alikumbushwa na fimbo. Mjukuu wangu, ambaye nakaa naye kwa sababu mama yake anafanya kazi kiwandani Changamwe, anaitika vizuri kuliko wote. Majirani walikuwa wakimsifu.

Huyo mama yake ndiye mwanangu wa mwisho. Alipopata likizo akaja na maneno.

"Mama, watu wanatoka Ulaya kuja kuyaona magofu ya Jumba la Mtwana. Wewe hapo ni kuvuka daraja tu la Mtwapa, na hujakanyaga hata siku moja."

"Kuta zilizobomoka naziona hapa hapa," nikamwambia. "Za mwenye nyumba wetu."

Alicheka. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mtwana ni mtumwa, kila mtu anajua. Bibi yangu alinihadithia kama alivyohadithiwa yeye: wezi wa watu walikuwa wakijificha karibu na kisima, wanasikiliza akina mama wakiwaita watoto wao. Wakishalishika jina, wanarudi baadaye na kuliita taratibu, kwa sauti laini ya kike. Mtoto mwenye adabu anaitika, na hapo ndipo wanapojua alipo. Ndiyo maana kwetu, mahali pa watu wale, jina la mtoto halitajwi. Hata hapa silitaji.

Kabla hatujaondoka nikamwonya binti yangu: "Huko hakuna kuitana majina."

"Mama nawe! Watu wanapiga picha huko, wewe bado unaogopa wezi wa watumwa."

"Ukitaka niende, ndivyo hivyo. Hutaki, navua kanga nilale."

Akakubali. Yeye nilimkataza kuita. Mtoto sikumkataza kuitika, maana nilijua hakuna atakayemwita.

Nasema kweli, pale ni pazuri, na uzuri wenyewe ndio ulionitisha. Pamefagiwa. Kuta za matumbawe zimesimama bila paa, na chini karibu na maji kuna msikiti wa zamani wenye birika la kutawadhia. Mwenye kututembeza akatuonyesha nyumba moja wanayoiita Nyumba ya Milango Mingi, vyumba vimeshikana, ukitoka mlango huu unaingia ule, na nyuma yake kuna kisima cha zamani. Nikamuuliza watumwa walikuwa wakilala chumba gani. Akasema hakuna ajuaye kwa hakika. Jibu lile halikunipendeza. Akaenda kuwapokea wageni wengine langoni.

Miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa kwenye ukuta mfupi wa msikiti. Binti yangu alikuwa karibu yangu anapiga picha bahari. Mtoto alikuwa amerudi kwenye ile nyumba kucheza.

Ndipo nikasikia, "Abee!"

Ilikuwa ile abee niliyomfundisha mimi, ndefu, ya heshima.

Nikamtazama mama yake. "Umemwita?"

"Sijamwita. Si uko hapa, unaniona?"

"Abee! Naja!" Safari hii sauti ilikuwa mbali zaidi.

Binti yangu akafungua mdomo kumwita jina. Nikamziba kwa kiganja, kwa nguvu, hata meno yake nikayahisi. Akanitolea macho. Nikamwambia, "Jina wanalo tayari, usiwape mara ya pili."

Tukaingia ile nyumba. Mlango, chumba kitupu. Mlango mwingine, chumba kitupu. Nikakifikiria kisima; kilikuwa upande ule ule sauti ilikoelekea. Binti yangu ameshaanza kulia, ananivuta, "Mama, niache nimwite! Ataanguka!" Na mimi sijui nimzuie au nimwache. Nikimwita, namtaja. Nisipomwita, anaendelea kumfuata anayemwita.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nikajaza kifua nikapiga ukelele: "Abeee!"

Nikarudia, "Abeee!" Mtu mzima wa umri wangu, naitika kama kijakazi.

Kicheko kikatoka nyuma ya ukuta, na mtoto akafuata, vumbi magotini.

"Bibi! Nani amekuita? Wewe mkubwa unaitika abee kama mtoto!"

Nikamshika mkono. "Na wewe ulikuwa unamwitikia nani?"

"Wewe. Si uliniita? Kule, karibu na kisima."

Mimi nilikuwa kule msikitini, nimefunga mdomo. Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi." Sikutaka alale na lile jambo. Nimelala nalo mimi.

Mama yake anasema ulikuwa upepo, au wageni wale walikuwa na mtoto wa jina lake. Huenda. Mimi sikumwona mtoto mwingine, na upepo sijausikia ukijua jina la mtu.

Tangu siku ile nimembadilishia sheria. Akisikia jina lake asiitike. Aje kwanza, aone uso wa anayemwita, ndipo aseme abee. Juzi jirani yangu kaja kulalamika mlangoni, mikono kiunoni.

"Mjukuu wako kaharibika. Namwita nimtume, kimya! Halafu namwona anachungulia kama mwizi. Wewe, na ukali wako wote, umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Na humchapi?"

"Simchapi," nikasema. "Mwache achungulie."

Akaondoka anasonya. Sasa mtaani wanasema uzee umenilegeza, mtoto hana adabu. Waseme. Nikiwa jikoni namwita, nanyamaza, nangoja. Hajibu. Kisha naona jicho moja penye pindo la pazia, linanitazama kwanza.